Kurudi Kwenye TEHAMA kwa Cheti cha Gharama Nafuu: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kusoma na Kufanya Mtihani

Aliyekaa nje ya fani ya TEHAMA kwa miaka kadhaa, akitaka kurudi, mara nyingi hujikwaa palepale. Huona kozi zimeshushwa bei, hununua tatu nne kwa mpigo, husoma ya kwanza hadi nusu, kisha huishiwa pesa kabla hajafika kwenye mtihani wenyewe. Ndipo huanza kuuliza ni kazi gani hasa inayotaka cheti kile.

Utaratibu huu unageuza mambo: kazi kwanza, cheti baadaye, kozi mwisho. Ufuate kwa mpangilio wake, kwa sababu kila hatua inaamua pesa itakayotoka katika hatua inayofuata.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 kwenda juu. Ukilenga seva au usalama, 16 itakupunguzia mateso, maana utaendesha mashine pepe mbili (kompyuta zinazoigizwa ndani ya kompyuta yako) kwa wakati mmoja.
- Nafasi tupu ya gigabaiti 60 kwenye diski.
- Barua pepe yako binafsi. Usitumie ya mwajiri: siku ukiondoka kazini, akaunti yenye vyeti vyako inabaki huko.
- Kitambulisho halali chenye picha, kilichotolewa na serikali.
- Kadi inayokubali malipo ya mtandaoni kwa fedha za kigeni.
- Faili la Excel au daftari lenye mistari.
- Saa 8 kwa wiki, kwa wiki 10 hadi 12. Kama saa hizo hazipo, ahirisha mtihani usiahirishe mpango; soma kwa saa 4 na uongeze wiki.

## Hatua ya 1: Pima ulichobaki nacho

Chora safu tatu: "bado najua", "nimesahau", "imepitwa". Usikadirie kichwani. Kaa kwenye kompyuta ujaribu: badilisha ruhusa za faili kwenye Linux, andika swali la SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, linalounganisha majedwali mawili, eleza DNS, mfumo wa majina ya mtandao, inafanya nini mtu anapoandika anwani ya tovuti.

Misingi ya TCP/IP (kanuni za mawasiliano ya mtandao), SQL, DNS na namna ya kusaka hitilafu haijabadilika sana. Kilichobadilika ni mahali kazi inapofanyika. Seva nyingi zimehamia kwenye huduma za wingu, mabadiliko ya mafaili yanafuatiliwa kwa Git, programu ya kutunza matoleo, programu zinapakiwa ndani ya kontena, vifurushi vyenye kila zinachohitaji ili ziendeshwe, na kuingia kwenye mfumo kwa nywila peke yake hakukubaliki tena sehemu nyingi.

Kagua pia vyeti vyako vya zamani. Ukiwa na A+, Network+ au Security+ za CompTIA, shirika la vyeti vya TEHAMA, ulizopata kabla ya Januari 1, 2011, hizo ni za maisha. MCSA na MCSE za Microsoft ziliondolewa Januari 31, 2021. CCENT ya Cisco iliondoka Februari 24, 2020. Vyeti vilivyoondolewa viandike kwenye wasifu pamoja na mwaka ulioupata, kama historia ya kazi, wala usiviweke kama sifa ya leo.

Umefanikiwa ikiwa: safu ya kati ina mambo yasiyozidi 15, na kila moja ni kitu unachoweza kukifanyia mazoezi. "Mitandao" ni pana mno. "Kugawa sabneti", yaani kuukata mtandao katika mafungu madogo, ndilo jibu linalotakiwa.

## Hatua ya 2: Soma matangazo 30 ya kazi kabla ya kugusa kozi yoyote

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo pesa zao zinapopotea.

Chagua jina moja la kazi: fundi wa dawati la msaada, fundi wa mitandao, msimamizi wa mifumo, mhandisi wa huduma za wingu, au mchambuzi wa usalama. Tafuta matangazo 30 ya kazi hiyo ambayo ungeweza kuomba kweli, kwa mahali na kwa lugha. Kwa kila tangazo, andika cheti kilichotajwa. Kikiwa cha lazima kipe alama 2. Kikitajwa kama nyongeza kipe alama 1. Pembeni, andika zana zote zilizotajwa.

Mfano wa jinsi karatasi itakavyokuwa kwa anayelenga dawati la msaada: A+ imetajwa mara 11, lazima 4 na nyongeza 7. Hiyo ni 8 na 7, jumla 15. CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, imetajwa mara 5, lazima 3 na nyongeza 2, jumla 8. Active Directory, ambayo ni zana ya Microsoft ya kusimamia akaunti za watumiaji wala si cheti, imetajwa mara 19.

Usiishie kwenye ile 15. Zile 19 zinakuambia utakachoulizwa kwenye usaili, na hakuna cheti kitakachokuokoa ukishindwa kueleza jinsi ya kumfungulia mtumiaji akaunti iliyojifunga.

Onyo: utakutana na tangazo la kazi ya kuanzia linalodai CISSP, cheti cha juu cha usalama. Cheti hicho kinahitaji uzoefu wa miaka 5 katika angalau maeneo 2 kati ya 8 yake. Kama uliwahi kufanya kazi za usalama hapo awali, kinaweza kukufaa. Kama hukuwahi, pita.

Umefanikiwa ikiwa: una cheti kimoja kinachoongoza wazi. Viwili vikifungana, chukua kile chenye alama nyingi za "lazima".

## Hatua ya 3: Tofautisha cheti cha mtihani na cheti cha kumaliza kozi

Vyote vinaitwa cheti na vyote hupendeza kwenye LinkedIn, lakini havina uzito mmoja. Cheti cha kumaliza kozi, kama kile unachopata kwenye tovuti ya kozi ya Udemy au kwa mafunzo ya Google ya msaada wa kompyuta yaliyoko kwenye tovuti ya Coursera, kinaonyesha umejifunza. Cheti cha mtihani unaosimamiwa kinaonyesha umepimwa mbele ya msimamizi. Cha kwanza ni daraja zuri la kurudia misingi. Cha pili ndicho kinachohesabiwa kwenye tangazo la kazi.

Jiulize maswali matatu: mtihani unasimamiwa? Mwajiri anaweza kuhakiki cheti mtandaoni mwenyewe? Mtihani una namba yake ya toleo? Jibu la "hapana" kwa lolote kati ya hayo mara nyingi maana yake ni cheti cha kozi.

Ile namba ya toleo ina kazi nyingine kubwa. Kozi za bei ya kutupa mara nyingi ni za toleo lililokwisha. A+ ya sasa ni 220-1201 na 220-1202. Kozi ya 220-1101 bado utaikuta ikiuzwa. Network+ ni N10-009, Security+ ni SY0-701, CCNA ni 200-301. Linganisha namba na tovuti ya mwenye mtihani siku ileile unayotaka kulipa.

Mwelekeo kwa kila njia:

Dawati la msaada. CompTIA A+. Ni mitihani miwili, kila mmoja dakika 90 na maswali yasiyozidi 90, na unalipia kila mmoja kivyake. Watu hulipia mmoja wakidhani wamemaliza. Kama ulikuwa msimamizi wa mifumo, usiifanye A+. Itakurudisha ngazi uliyokwisha kuivuka.

Mitandao. CCNA, dakika 120. Ni ngumu kuliko Network+, lakini anayeielewa anaweza kweli kusanidi swichi na ruta.

Huduma za wingu. Kwa AWS, huduma ya wingu ya Amazon, Cloud Practitioner ni ya utangulizi na Solutions Architect Associate ndiyo yenye nguvu. Hailazimu kupitia ya kwanza ili ufanye ya pili. Aliyewahi kuendesha seva aende moja kwa moja kwenye Associate. Kwa Azure, ile ya Microsoft, AZ-900 ni utangulizi, AZ-104 ni ya msimamizi.

Usalama. Security+, au Certified in Cybersecurity ya shirika la ISC2 kwa anayeanza.

Linux. LPIC-1, mitihani miwili, hudumu miaka 5. RHCSA ya Red Hat ni ya vitendo tupu: unapewa mifumo na kazi za kufanya kwa saa 3, hakuna maswali ya kuchagua.

## Hatua ya 4: Hesabu gharama ya miaka 3

Bei inayoonekana ni ya mtihani peke yake. Hesabu kamili ni hii:

*ada ya mtihani + ada ya kurudia mara moja + ada za kila mwaka × 3 + gharama ya kuhuisha + kozi na mazoezi*

Weka ada ya kurudia hata ukijiamini. Ukifaulu mara ya kwanza, umepata akiba. Ukifeli bila kuwa nayo, miezi mitatu ya kusoma inakaa bure huku unatafuta pesa na maarifa yakipoa.

Angalia jinsi hesabu inavyobadilisha mambo. Solutions Architect Associate ni dola 150 kabla ya kodi, hudumu miaka 3, haina ada ya mwaka. CCNA ni dola 300, nayo hudumu miaka 3. Security+ ina ada ya kuitunza ya dola 50 kwa mwaka, yaani dola 150 zinazoongezeka juu ya mtihani ndani ya miaka 3. ISC2 imewahi kutoa mafunzo na mtihani wa Certified in Cybersecurity bila malipo kwa watu wengi, lakini anayefaulu hulipa dola 50 kila mwaka ili cheti kisimame. AZ-104 huisha baada ya mwaka 1. Kuihuisha ni bure, kwa maswali ya mtandaoni unayojibu ukiwa na vitabu vyako mbele, mradi usipitishe tarehe.

Umefanikiwa ikiwa: una jumla moja ya pesa, na unaweza kuilipa bila kukopa.

## Hatua ya 5: Punguza gharama bila kujiharibia

Anza na mafunzo ya bure ya wenye mitihani wenyewe: Microsoft Learn kwa Azure, Skill Builder kwa AWS, Networking Academy kwa Cisco. Yanaenda na toleo la sasa, jambo ambalo kozi ya kulipia haikuhakikishii.

Ukihitaji mwalimu wa video, nunua kozi moja tu. Udemy hushusha bei mara kwa mara, hivyo hakuna haja ya kulipa bei kamili. Coursera hutoza kwa mwezi, kwa hiyo jisajili wiki ambayo una nafasi. Kila mwezi wa uvivu unalipiwa. Kuna pia fomu ya kuomba msaada wa ada kwenye ukurasa wa kozi nyingi. Iandike kwa maneno yako na ueleze kazi unayolenga.

Aliyefaulu mtihani wowote wa AWS hupewa punguzo la nusu kwa mtihani unaofuata. Liko ndani ya akaunti ya vyeti, na wengi hawalifungui kamwe.

Onyo la kwanza: vocha ya kulipia mtihani yenye bei ya chini ajabu kutoka kwa mtu usiyemjua. Nyingi zimefungwa kwenye nchi au kanda zilikonunuliwa, na iliyopatikana kwa wizi inaweza kufuta matokeo yako.

Onyo la pili: maswali halisi ya mtihani yaliyoibwa. Kuyatumia ni kuvunja mkataba unaoukubali kabla ya mtihani. Cheti kinafutwa, na unaweza kufungiwa usifanye mtihani tena. Hata usipokamatwa, majibu mengi humo si sahihi.

## Hatua ya 6: Soma kwa mikono

Pakua orodha ya malengo ya mtihani, faili la PDF linalotolewa bure na mwenye mtihani. Hiyo ndiyo ramani yako. Kozi ni gari tu. Gawa muda kwa uzito wa mada. CCNA, kwa mfano, inatoa asilimia 25 kwa uelekezaji wa IP na asilimia 10 tu kwa otomatiki. Anayetumia wiki tatu kwenye otomatiki kwa sababu ni mpya na inavutia anajikata mwenyewe.

Kwa kila saa ya video, weka saa moja ya vitendo. Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza mitandao, ni ya bure na inatosha kwa CCNA. VirtualBox ni ya bure kwa mashine pepe. Windows Server ina toleo la majaribio la siku 180, muda wa kutosha kujenga Active Directory, kuivunja na kuijenga tena.

Kwenye AWS, kabla ya kuwasha chochote, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti kuu, kisha weka bajeti ya dola chache itakayokutumia barua pepe. Elewa kwamba bajeti hiyo inakuarifu tu, haizimi huduma. Kinachowaumiza watu mara nyingi ni NAT Gateway (lango la kutokea intaneti) iliyosahauliwa, na anwani za IPv4 za hadharani, ambazo tangu Februari 2024 zinatozwa zikitumika na zisipotumika. Ukimaliza zoezi, futa ulichojenga, kisha rudi kesho yake kwenye ukurasa wa bili uhakikishe.

Sabneti zinastahili neno la ziada, maana ndizo zinazoangusha waliokaa muda mrefu nje. Chukua 192.168.10.77/26. Biti 26 zimechukuliwa na mtandao, zimebaki 6, kwa hiyo kila fungu lina anwani 64. Mafungu yanaanzia .0, .64, .128 na .192. Namba 77 iko kati ya 64 na 127: mtandao ni .64, anwani ya kutangaza kwa wote ni .127, na vifaa vinapata kuanzia .65 hadi .126, jumla 62. Fanya maswali 10 ya aina hii kila siku mpaka kila moja lisizidi sekunde 30. Yafanye bila karatasi, na sababu iko katika hatua ya 8.

## Hatua ya 7: Jipime, ndipo ulipe

Tafuta mitihani ya majaribio kutoka vyanzo viwili tofauti. Alama inayohesabika ni ya mara ya kwanza kuona maswali. Ukirudia yaleyale na kupata asilimia 95, umepima kumbukumbu.

Umefanikiwa ikiwa: umevuka asilimia 85 kwenye majaribio mawili mapya, na kwa kila swali unaweza kusema kwa nini yale majibu mengine si sahihi. Hapo panga mtihani ndani ya siku 7 hadi 10.

Kabla ya kupanga, kuna haki ambayo wasomaji wa Kiswahili wengi huikosa kwa kutojua. AWS huwapa wasiozaliwa na Kiingereza dakika 30 za nyongeza kwenye mitihani ya Kiingereza. Ombi hufanywa ndani ya akaunti yako kabla ya kuchagua tarehe. Ukishalipia, nyongeza haiingii kwenye mtihani huo. Microsoft nayo hutoa muda wa ziada pale ambapo mtihani haupo katika lugha yako. Omba. Wanaofeli kwa kukosa muda wa kusoma swali mara mbili wapo, na hawakuwa na upungufu wowote wa maarifa.

## Hatua ya 8: Mtihani ukiwa nyumbani

Endesha programu ya ukaguzi wa mfumo mara mbili: siku ya kupanga, na siku moja kabla, kwenye kompyuta, intaneti na chumba kilekile. Usitumie kompyuta ya ofisi. VPN na programu za ulinzi za mwajiri huizuia programu ya mtihani katikati ya safari.

Jina kwenye akaunti lifanane na la kitambulisho. Kama kitambulisho kina majina matatu na akaunti mawili, rekebisha siku kadhaa kabla, kwani msimamizi hana uwezo wa kulibadilisha asubuhi ile.

Meza iwe tupu na skrini ya pili iwe imechomolewa. Simu hutumika kupiga picha za chumba na kitambulisho, kisha iwekwe mbali na mkono. Ingia dakika 30 kabla. Usisome swali kwa sauti wala kwa kuchezesha midomo, usifunike mdomo, usitoke mbele ya kamera, na asiingie mtu. Kila moja ya hayo imewahi kutosha kusimamisha mtihani.

Karatasi na kalamu haziruhusiwi. Unapewa ubao wa kuandikia kwenye skrini, nao ni wa polepole. Ndiyo sababu ya zile sabneti za kichwani. Intaneti ikiyumba au watu wa nyumbani wakiwa wengi, nenda kituo cha mtihani: ada huwa ileile.

Kwenye CCNA huwezi kurudi kwenye swali lililopita. Kwenye AWS unaweza, na jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali tupu.

## Hatua ya 9: Baada ya matokeo

Ukifeli, ripoti inaonyesha maeneo uliyokuwa dhaifu. Andika usiku huohuo mada ulizokwama, si maswali yenyewe. Muda wa kusubiri: AWS siku 14, Cisco siku 5, Microsoft saa 24 baada ya kufeli mara ya kwanza. CompTIA haina kusubiri kati ya jaribio la kwanza na la pili, lakini usiingie tena kabla ya wiki mbili za kusoma.

Ukifaulu, weka kiungo cha uhakiki kwenye wasifu na LinkedIn siku hiyohiyo. Chini yake weka kazi mbili ulizojenga wakati wa mazoezi, kila moja kwa mistari mitatu: tatizo lilikuwa nini, ulitumia nini, nini kiliharibika na ulikirekebishaje. Ule mstari wa tatu ndio unaozaa mazungumzo kwenye usaili. Kuhusu miaka uliyokuwa nje, andika sentensi moja ya ukweli yenye miaka, kisha cheti kifuate mara moja.

Mwisho, fungua kalenda ya simu na uweke kikumbusho cha miezi 6 kabla ya cheti kuisha. Kwa AZ-104 hiyo ndiyo siku dirisha la kuhuisha bure linapofunguka. Likifungwa, unarudi kulipia mtihani mzima. Kwa Security+, weka kikumbusho kingine cha ada ya kila mwaka.